Mgeni Kazini: Yampasayo Katibu wa Chama Kuyajua Kuhusu Kibali cha Kazi

Kila mavuno ya mpunga yanapokaribia, vyama vya msingi vya Bonde la Kilombero hupata wageni wa namna mbili. Wa kwanza huja na mashine. Chama kimenunua mtambo mpya wa kukoboa mpunga na kuchagua mchele kwa madaraja, na muuzaji aliyeko nje ya nchi amemtuma fundi wake aje aufunge. Wa pili huja na fedha. Yeye anataka mpunga, na aghalabu anautaka ungali umesimama shambani. Wote wawili hupokewa vema, kama ilivyo desturi ya Ifakara na vijiji vyake. Huandikwa katika kitabu cha wageni, huketishwa, na kazi huanza. Ni mara chache katibu wa chama huuliza, kabla kazi haijaanza, kama mtu huyo ana kibali cha kazi, na ikiwa anacho, ni cha kazi gani na kwa mwajiri yupi.

Baadhi ya makatibu huona kuuliza hivyo ni kumvunjia mgeni heshima. Wengine hudhani kwamba hilo ni jukumu la Idara ya Uhamiaji peke yake, na kwamba mtu akiisha kuvuka mpaka na pasipoti yake ikagongwa muhuri, yaliyobaki hayakihusu chama. Dhana hiyo ya pili ina hatari. Sheria haimkabili mgeni peke yake. Humkabili pia yule aliyempa kazi. Na chama kikitozwa faini, fedha hizo hutoka katika ushuru wa kila kilo ya mpunga ambayo mwanachama aliipima kwenye mizani ya chama.

Sheria yenyewe

Sheria inayotawala jambo hili Tanzania Bara ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika mwezi Septemba mwaka huo. Kabla ya hapo mamlaka ya kumruhusu mgeni kufanya kazi yalikuwa yametawanyika katika sheria mbalimbali na ofisi mbalimbali. Wazee wengi bado wanakumbuka hati moja tu, ile ya ukaazi iliyotolewa chini ya sheria za uhamiaji za mwaka 1972 na baadaye 1995, na ndiyo sababu bado husikika watu wakisema kwamba mgeni mwenye hati ya Uhamiaji “amekamilika”. Hajakamilika. Tangu mwaka 2015 mwenye mamlaka ya kutoa kibali cha kazi ni Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Hati hizo ni mbili, na hakuna hata moja inayosimama badala ya nyingine.

Njia nyepesi ya kuzitofautisha ni kutazama swali ambalo kila moja hulijibu. Kibali cha kazi hujibu: mtu huyu afanye kazi gani, na kwa nani? Kibali cha ukaazi hujibu: akae nchini kwa sababu gani, na mpaka lini? Kwa hiyo mgeni aweza kuwa na haki ya kukaa bila kuwa na haki ya kufanya kazi. Mke au mume aliyemfuata mwenzake kwa hati ya mtegemezi anakaa kwa halali kabisa, lakini hati hiyo haimruhusu kuajiriwa. Mtalii naye, hata akikaa wiki nzima Mang'ula akipanda milima ya Udzungwa, hawezi kushuka Jumatatu na kushika kazi ghalani.

Hapa pana jambo moja linalowachanganya hata watu wa ofisini, nalo ni herufi za madaraja. Hati zote mbili hutumia herufi, lakini maana zake hazilingani. Kwa upande wa kibali cha kazi, Daraja A ni la mwekezaji. Daraja B ni la taaluma zilizotajwa na sheria, zikiwamo za tiba na afya, za mafuta na gesi, na za walimu wa sayansi na hisabati. Daraja C ni la wataalamu wa taaluma nyinginezo. Daraja D ni la watumishi wa taasisi za dini na za hisani zilizoandikishwa, na Daraja E ni la wakimbizi. Kwa upande wa kibali cha ukaazi, A ni la mwekezaji au mwenye shughuli yake mwenyewe. B ni la mwajiriwa. Na C ni la wengineo kama wamisionari, wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Kwa sababu hiyo fundi mitambo aliyeajiriwa na chama huwa na kibali cha kazi cha Daraja C na kibali cha ukaazi cha Daraja B, na mtawa wa kigeni huwa na D kwa kazi na C kwa ukaazi. Katibu akiziona herufi mbili zisizofanana asidhani kuwa ni udanganyifu. Na akiziona zinafanana asidhani kuwa mambo ni sawa.

Mgeni na mrithi wake

Sehemu ya sheria inayostahili kusomwa na kila mjumbe wa bodi ni ile ya urithishaji. Kabla ya kutoa kibali, Kamishna hana budi kuridhika kwamba mwajiri amefanya kila juhudi kumpata Mtanzania mwenye ujuzi huo na hakumpata. Tena mwajiri hutakiwa kuwa na mpango wa kumrithisha raia kazi hiyo, pamoja na mafunzo yatakayomwezesha kuishika. Yaani mgeni huruhusiwa kuingia kwa sharti kwamba anapoondoka awe amemwachia mwenyeji ujuzi ule.

Katika vyama vingi mpango huo huandikwa kwa mistari mitatu ili fomu ipite. Bonde la Kilombero lina sababu ya kuutazama kwa makini zaidi, maana limeona urithishaji ulivyofanikiwa na limeona pia ulivyoshindikana.

Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara, mahali ambapo mapadri wa Kikapuchini kutoka nchi hiyo walikuwa na misheni na huduma ya wagonjwa. Mwaka 1957 ilifunguliwa hapo maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, na mwaka 1961 kikaanzishwa kituo cha kufundishia watumishi wa afya wa vijijini. Kwa miaka mingi wakuu wa maabara walikuwa Waswisi. Marcel Tanner, aliyepata kuwa mtu mashuhuri katika utafiti wa malaria, aliishika katika miaka ya 1980. Lakini wakati wote huo Watanzania walikuwa wakifunzwa, darasani na maabarani, na wengine wakapelekwa kusoma Basel. Miaka ya 1990 ilipofika, uongozi ulimwangukia Mtanzania, Dkt. Andrew Kitua, na baada yake Dkt. Hassan Mshinda. Mwaka 1996 kituo kikawa chombo kinachojitegemea, na tangu mwaka 2008 kinajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara. Wageni wangali wanakuja kufanya kazi hapo, lakini huja kwa mwaliko wa wenyeji na chini ya uongozi wa wenyeji.

Reli ya TAZARA ni mfano wa namna nyingine. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na maelfu ya Wachina walipita bondeni humu. Mang'ula palikuwa na kambi yao kubwa na karakana. Hao hawakuja kwa kuomba kibali mmoja mmoja. Walikuja kwa mapatano ya serikali tatu yaliyotiwa sahihi mwaka 1967. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Peking kusomea kazi za reli kabla haijakabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo ujuzi wa kuendesha reli nzima haukuhamishika wote kwa mara moja, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kichina walirudishwa kusaidia uendeshaji. Hapo hakuna wa kulaumiwa sana: kujenga reli ni kazi moja na kuiendesha ni nyingine, na waliofundishwa ya kwanza hawakuwa wote wamefundishwa ya pili.

Shamba la Mngeta ndilo linalouma. Mwaka 1986 Serikali ya Tanzania na ile ya Korea ya Kaskazini zilianzisha kampuni ya ubia, KOTACO, kulima mpunga kwa mashine katika maelfu ya hekta. Wataalamu wa Kikorea walikuja. Mradi ulipokwisha katika miaka ya 1990 nao wakaondoka, na shamba likakaa miaka mingi bila kilimo kikubwa, hadi mwekezaji mwingine alipolishika mwishoni mwa miaka ya 2000. Wenyeji waliokuwa wamezoea kazi za mashine pale walibaki na ujuzi wa vipande vipande, huyu trekta, yule mfereji, bila mtu aliyeweza kuukusanya pamoja.

Kwa hiyo bodi inapokaa kuandika mpango wa urithishaji, na ijiulize mambo yanayogusika. Nani atakayerithi? Aandikwe kwa jina, pamoja na elimu yake. Mwenye cheti cha ufundi stadi cha VETA ni bora kuliko mpwa wa mwenyekiti. Atajifunza nini? Kwa mashine ya mpunga, aweze kubadilisha mipira ya kukobolea, kuyarekebisha machekeche, kupima unyevu wa nafaka ili usizidi asilimia 14 kabla ya kuwekwa ghalani, na kutambua kasoro ya umeme kabla haijaunguza mota. Lini atajaribiwa peke yake, mgeni akitazama tu? Na vitabu vya mashine vimeandikwa kwa lugha gani? Si jambo la kucheka: mtambo wa mamilioni ukija na maelezo ya Kichina matupu, siku fundi atakapopanda ndege chama kitabaki na chuma.

Jinsi ya kuomba

Mwombaji ni mwajiri, si mgeni. Hili hukosewa mara nyingi, mgeni akaambiwa “katafute kibali chako kisha uje”. Chama ndicho kinachoandika barua ya maombi, kikieleza kazi, sababu za kutompata raia, na muda unaohitajiwa. Siku hizi maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao, katika mfumo wa serikali. Katibu asiyekuwa na kompyuta yafaa aombe msaada wa ofisi ya Chama Kikuu au ya Afisa Ushirika wa halmashauri, kuliko kumkabidhi nyaraka mtu wa kando ya barabara.

Huambatanishwa fomu iliyojazwa na picha. Nakala ya pasipoti. Maelezo ya elimu na kazi alizowahi kufanya mgeni. Vyeti vyake, ambavyo vikiwa kwa lugha nyingine hutafsiriwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Mkataba wa ajira uliotiwa sahihi. Maelezo ya majukumu. Mpango wa urithishaji. Na ushahidi kwamba nafasi ilitangazwa. Kwa upande wa chama hutakiwa hati ya kuandikishwa, namba ya mlipakodi, na uthibitisho kwamba chama hakidaiwi kodi. Mara nyingi ni hapa ambapo maombi ya chama hukwama, wala si kwa sababu ya mgeni. Chama ambacho hakijapeleka hesabu zake za kodi kwa miaka miwili kitaanza safari yake katika ofisi ya mapato, na safari hiyo si fupi.

Taaluma nyingine zina bodi zake. Mhandisi wa kigeni hana budi kuandikishwa kwa muda na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Daktari naye na Baraza lake. Hilo lishughulikiwe mapema.

Kibali cha kazi kikiisha kupatikana ndipo huombwa kibali cha ukaazi. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, nacho huweza kuongezwa. Maombi yakikataliwa, mwajiri anayo haki ya kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Ni heri kungoja uamuzi wa rufaa kuliko kumwanzisha mgeni kazi “wakati mambo yakishughulikiwa”, maneno ambayo hayamo katika sheria yoyote.

Kuhusu fedha, tahadhari ni moja lakini ni kubwa. Ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, katika benki au kwa simu, na risiti hutoka. Hakuna ada inayolipwa mkononi. Vishoka wanaozunguka na maneno ya “nina mtu Dodoma” wamekwisha kuwaliza watu wengi, na hati wanazoleta, zikiwa za bandia, humtia mashakani mgeni na aliyemwajiri kwa pamoja. Ada za hati hizi mbili zikijumlishwa huweza kufika mamilioni kadhaa ya shilingi. Chama hakiwezi kuzilipa kwa kuzichomoa tu katika fungu la shajala. Ni lazima ziwe katika makisio ya mapato na matumizi yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajisi. La sivyo mkaguzi wa COASCO atakapofika, hoja itakuwa ya chama, hata kama kibali chenyewe ni safi.

Kazi ya siku chache na kazi ya kujitolea

Turudi kwa fundi aliyekuja kufunga mashine kwa wiki sita. Yeye si mwajiriwa wa chama na hatakaa. Kwa kazi fupi kama hiyo, Uhamiaji hutoa viza ya shughuli za biashara isiyozidi siku 90, nayo hutumika kwa mambo kama kufunga au kutengeneza mashine na kufundisha kwa muda mfupi. Viza ya utalii haitoshi, hata kwa kazi ya siku mbili. Katibu amwandikie muuzaji mapema, ndani ya mkataba wa ununuzi, kwamba fundi atakuja na viza inayomfaa na kwamba gharama ni ya muuzaji. Kisha aulize Ofisi ya Kazi ya Mkoa, Morogoro, kama kazi iliyokusudiwa inahitaji hati zaidi, na jibu alipate kwa maandishi. Siku 90 zikikaribia kwisha na mashine haijatulia, asijifariji kwamba “zimebaki skrubu chache”.

Kipo kishawishi kingine cha hapa hapa bondeni. Kampuni zenye wageni zipo karibu: viwanda vya sukari vya Kidatu, makandarasi wa barabara, na reli, ambayo mwaka 2025 ilifungiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina kwa ajili ya kuifufua. Fundi mzuri wa kampuni hizo akiombwa Jumapili moja aje Mlimba kuitazama mashine ya chama, hukubali kwa wema, na hulipwa kidogo. Lakini kibali chake kimetolewa kwa kazi ile na kwa mwajiri yule. Akifanya kazi ya chama anavunja masharti yake, na chama kinakuwa kimemtumikisha mgeni asiye na kibali cha kukitumikia. Njia iliyo sawa ni kuiandikia kampuni yenyewe barua na kuomba ushauri wa jinsi ya kusaidiwa kwa halali, au kumtafuta fundi Mtanzania katika kampuni hiyo hiyo, maana wapo, na wengine ni watoto wa Kiberege na Mkula.

Vijana wa nje wanaojitolea nao husahauliwa. Kwamba mtu halipwi mshahara si kinga. Anayefanya kazi anafanya kazi. Shirika linalomleta ndilo linalopaswa kumshughulikia hati, na chama kipewe nakala kabla hajaanza kushika daftari au kufundisha wakulima. Wataalamu wanaokuja kwa mapatano ya serikali na serikali huwa na utaratibu wao wa msamaha, lakini hata wao huwa na hati inayosema hivyo.

Jirani, mkimbizi na raia

Wanachama wengi huuliza juu ya Wakenya, Waganda na Warundi, wakidhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kufuta vibali. Haikufuta. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imerahisisha njia kwa kazi ambazo kila nchi ilikubali kuzifungua katika orodha yake. Mfanyakazi wa nchi mwanachama mwenye mkataba unaozidi siku 90 hutakiwa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi, na nchi inayompokea hutakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kwa hiyo kibali kipo pale pale, ila kina saa yake. Na ikumbukwe kwamba Zambia na Malawi si wanachama wa Jumuiya hiyo. Mzambia aliyeshuka katika treni Ifakara ni ndugu wa SADC, lakini utaratibu huu haumhusu.

Mzanzibari si mgeni. Ni raia, na hahitaji kibali popote katika Muungano. Ila mgeni aliyepewa kibali cha kazi Zanzibar, ambako mambo ya kazi yana sheria yake, hawezi kukitumia Ifakara.

Mkimbizi ana Daraja E na anaweza kuombewa. Hapa panahitajika busara. Mwaka 2014 Serikali iliwakabidhi vyeti vya uraia watu zaidi ya 160,000 waliotokana na wakimbizi wa Kirundi wa mwaka 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watu hao na watoto wao ni Watanzania. Katibu asimdai kibali mtu kwa sababu ya lafudhi yake au jina lake. Aombe kitambulisho cha taifa au cheti kama anavyowaomba wengine wote, na akikipata, maneno yaishie hapo. Kumnyima raia kazi kwa kumdhania ni dhuluma, na chama kilichoundwa kwa misingi ya ushirika hakina nafasi ya kuifanya.

Mnunuzi wa shambani

Linabaki lile la mgeni wa pili, mwenye fedha. Mwezi Julai 2025 Serikali ilitangaza amri, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Miongoni mwake ni udalali, uwakala wa fedha kwa simu, na ununuzi wa mazao shambani. Adhabu ya mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye hakuachwa: faini ni shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu.

Adhabu hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kusomwa kwa sauti katika Mkutano Mkuu. Maana namna inayotumika vijijini ni ile ile: mnunuzi hukaa katika nyumba ya wageni Kibaoni au Mbingu, na kijana mwenyeji, mara nyingi mtoto wa mwanachama, hupewa fedha na pikipiki aende kununua kwa jina lake mwenyewe, mpunga ukiwa bado haujakauka na bei ikiwa ile ya njaa ya mwezi wa tatu. Kijana hupata shilingi kidogo kwa gunia. Likitokea la kutokea, mwenye fedha ana nauli ya kuondokea. Kijana hana pa kwenda.

Mnunuzi wa kigeni hakufungiwa mlango wa chama kwa amri hiyo. Anayetaka mchele wa Kilombero kwa kuusafirisha nje na aje ghalani, aonyeshe leseni na hati zake, na apimiwe kwa mizani ya chama mbele ya wanachama, kwa mnada au kwa mkataba ambao Afisa Ushirika ameuona. Pakiwa na shaka kuhusu leseni yake, ofisi ya biashara ya halmashauri iulizwe kabla ya kupokea malipo ya awali. Kurudisha fedha ambazo wanachama wamekwisha kugawana hakujapata kuwa rahisi.

Jalada

Kila mgeni anayefanya kazi katika chama awe na jalada lake, lililofungwa kabatini, lenye nakala za pasipoti, vibali vyote viwili, mkataba, risiti za ada na mpango wa urithishaji. Ndani ya jalada iandikwe tarehe ya kwisha kwa kila kibali, na tarehe nyingine ya miezi mitatu kabla yake, ambayo ndiyo ya kuanza maombi ya kuongeza muda. Mwajiri hutakiwa pia kumpelekea Kamishna taarifa za wageni alio nao. Nakala za taarifa hizo zikae humo humo. Mgeni akimaliza kazi kabla ya muda, au akiachishwa, ofisi husika ziarifiwe na kibali kirudishwe, kwa sababu hati inayoelea mikononi mwa mtu ambaye si mtumishi tena wa chama bado ina jina la chama juu yake.

Afisa wa kazi au wa uhamiaji akija kukagua, katibu alitoe jalada hilo, amwite mgeni, na amwite pia yule kijana aliyeandikwa kuwa mrithi. Mara nyingi afisa humwomba kijana aiwashe mashine.